Mbio za Magari na Usalama wa Dereva: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Gereji yangu iko Changamwe. Siku za kazi natengeneza breki na shoki za matatu. Siku za mashindano huku Pwani navaa kizibao cha rangi ya chungwa na kusimama kando ya njia kama mashali, yaani msimamizi wa usalama wa njia, au naitwa kukagua magari kabla hayajaruhusiwa kuondoka. Basi maswali hunifuata kila mahali: gerejini, barazani kwenye kahawa, na hata msikitini nimeshashikwa mkono baada ya swala kuulizwa habari ya helmeti. Hapa nimeyakusanya yale yanayorudi kila mara. Mengine nimeyajibu kwa urefu, mengine kwa maneno mawili tu, maana hayahitaji zaidi.

Hivi madereva hawa hawaogopi kufa?

Wanaogopa, na anayeniambia haogopi namkagulia gari lake mara mbili. Ila woga wao wameugeuza kazi. Mtazame dereva anayejua anapojifunga: hana haraka. Anaanza na mshipi wa kiunoni, anauteremsha ukae kwenye mifupa ya nyonga na si juu ya tumbo, ndipo anavuta wa mabegani. Anaufungua na kuufunga tena akiwa amefumba macho. Anapapasa kitufe cha mtungi wa moto ajue kiko wapi hata gari likiwa limelala juu chini. Yote hayo injini bado iko kimya.

Babu yangu husema magari ya zamani yalikuwa imara kuliko haya ya siku hizi. Ni kweli?

Yalikuwa imara, na hapo ndipo penye shida. Gari lisilobonyea humrushia aliye ndani kishindo chote. Gari la mbio la leo limeundwa livunjike: pua inasagika, mabawa yanatawanyika, na kila kipande kinachokwenda kimechukua sehemu ya kishindo. Kinachobaki kizima ni kile kizimba anachokaa dereva.

Kuhusu zamani, mimi kama fundi kisa kinachonikaa moyoni ni cha spana. Mwaka 1966 huko Spa, Ubelgiji, mvua ilishuka ghafla na gari la Jackie Stewart likatoka njiani. Usukani ukambana, petroli ikammwagikia mwili mzima. Hapakuwa na mashali mwenye vifaa. Waliomtoa ni madereva wenziwe wawili waliokuwa nao wameteleza papo hapo, na ikabidi waazime spana kwa mtazamaji ili waufungue ule usukani. Alikaa kwenye petroli kama dakika 25. Tangu siku hiyo Stewart alikuwa akibandika spana yake mwenyewe kwa utepe ndani ya gari. Alipoanza kudai vizuizi bora, madaktari na zimamoto, wapo waliomcheka kwamba ni mwoga. Yeye alichukua ubingwa wa dunia mara tatu, akastaafu angali mzima.

Mwaka 1976 Niki Lauda aliungua Nürburgring, na yeye pia alitolewa motoni na madereva wenziwe. Baada ya wiki sita alikuwa anashindana Monza na bandeji kichwani. Kisha ikaja Imola 1994: Roland Ratzenberger alikufa Jumamosi tarehe 30 Aprili, na Ayrton Senna kesho yake. Baada ya hapo langalanga ya Formula 1 ilikaa miaka 20 bila ajali iliyomuua dereva ndani ya mashindano yake, hadi Suzuka mwaka 2014, Jules Bianchi alipoteleza kwenye mvua akalivaa trekta lililokuwa likiondoa gari jingine. Alifariki Julai 2015.

Ila ile miaka 20 watu huihesabu kwa madereva tu. Mashali walikufa katikati yake, mmoja Monza mwaka 2000 na mwingine Melbourne mwaka 2001, wote wawili kwa kupigwa na gurudumu lililong'oka. Sisi wa vizibao hatuisahau hiyo.

Yule dereva aliyetoka kwenye moto Bahrain, alipona vipi?

Romain Grosjean, tarehe 29 Novemba 2020. Swali hili naulizwa kuliko yote kwa sababu video ile kila mtu anayo kwenye simu.

Ilikuwa mzunguko wa kwanza. Gari lake lilipiga kizuizi cha chuma kwa kilomita 192 kwa saa, likakatika vipande viwili, kipande alichokaa kikatoboa chuma na kukwama humo, moto ukalipuka. Kishindo kilipimwa 67G, yaani kwa nukta ndogo ya wakati mwili ulikuwa kana kwamba una uzito wake mara 67. Akatoka mwenyewe kabla nusu dakika haijaisha, mikono imeungua.

Kilichomwokoa hakikuwa kitu kimoja. Lile pete la chuma juu ya kichwa, halo, lilisukuma kando kizuizi ambacho kingemfika kichwani. Kifaa cha shingo kilizuia kichwa kisirushwe. Kiti na mishipi vilimshika asizirai, na angezirai hapo asingetoka. Nguo zilimpa muda. Na gari la daktari lilikuwa nyuma yao, kwa sababu kanuni inataka lifuate msafara katika mzunguko wa kwanza, magari yanapokuwa yamesongamana. Daktari alikuwa pale kabla moto haujamaliza kazi yake.

Halo ilianza kutumika Formula 1 mwaka 2018. Ni titani, haifiki kilo 10, na hupimwa kwa mzigo wa karibu tani 12. Ilipoletwa wengi waliichukia, ati inaharibu sura ya gari, na Grosjean mwenyewe alikuwa miongoni mwa wasioitaka. Alisema kinyume chake akiwa kitandani hospitali.

Hicho kifaa cha shingo ni kitu gani hasa?

Panda matatu yoyote ya kwenda Mtwapa, kaa nyuma, na ungoje dereva akanyage breki ghafla. Vichwa vyote vinainama mbele kwa pamoja kama watu walio kwenye rukuu. Mwili umeshikwa na kiti au mshipi, kichwa hakijashikwa na kitu. Sasa fikiria mshipi umembana dereva barabara, kiwiliwili hakisogei hata kidogo, na kichwa kimeongezewa uzito wa helmeti. Gari likipiga ukuta, kichwa kinaendelea na safari. Kinachokatika ni pale fuvu linapokutana na shingo.

Dawa yake inaitwa HANS. Ni kama kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mishipi, na kamba mbili fupi zinazoshika helmeti. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1980 na Robert Hubbard, mtaalamu wa mambo ya mwili, pamoja na shemeji yake Jim Downing ambaye alikuwa dereva. Kwa miaka mingi madereva waliikataa kwamba inabana. Mwaka 2001 Dale Earnhardt, jina kubwa kwenye mbio za NASCAR za Marekani, alikufa Daytona kwa jeraha hilo hilo la chini ya fuvu. Kabla mwaka haujaisha NASCAR ikalazimisha kila dereva avae kifaa cha kushika kichwa, na Formula 1 ikafuata mwaka 2003.

Ukitaka kununua, angalia kamba na vile vishikizo vya kwenye helmeti. HANS bila helmeti yenye vishikizo vyake ni pambo tu.

Helmeti ya bodaboda si itatosha? Ni helmeti vilevile.

Haitoshi. Helmeti ya pikipiki imepimwa kwa mtu anayeanguka barabarani na kuteleza. Ya gari la mbio imepimwa kugonga chuma cha kizimba, na kichwa kinaweza kukipiga pahala palepale zaidi ya mara moja. Kisha kuna moto: sponji na kitambaa cha ndani ya helmeti nyingi za pikipiki huyeyuka, na kikiyeyuka kinashika ngozi. Ya gari ina kitambaa kisichoshika moto.

Niliwahi kuletewa helmeti kwenye ukaguzi, nzuri kwa macho, imepakwa rangi mpya ya buluu yenye nyota. Niliponusa ndani nikasikia tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Kijana alikuwa ameipaka mwenyewe kwa rangi ya gari. Nikabonyeza ganda kwa gumba upande wa kisogo likaingia, tena likarudi, kama kopo la maziwa ya unga. Tina ilikuwa imelila ganda lenyewe. Alinuna siku nzima, lakini gari lake lilibaki kwenye trela.

Helmeti iliyowahi kuanguka kwa nguvu pia ni ya kuweka ukutani. Sponji ngumu ya ndani hujibana mara moja tu, na ikishajibana nje huoni kitu. Na jamani, msiiache juu ya dashibodi gari likiwa juani Mombasa mchana kutwa.

Kwa nini mnakataa mishipi ya zamani hata kama haijakatika?

Kwa sababu ya jua. Utepe ukikaa juani unapoteza nguvu kabla haujapoteza sura. Mishipi ya mbio ina tarehe ya kuisha iliyoshonwa juu yake, na ikipita, imepita. Wengi huku hununua ya mtumba na lebo imeshakatwa kwa wembe. Lebo ikikatwa mimi siulizi swali la pili.

Na nguo? Joto la Pwani hili, ovaroli nzito si ndiyo itamuua?

Hili swali ni la haki. Nguo ya mbio ni tabaka mbili au tatu za kitambaa kisichoshika moto, na chini yake kuna fulana na suruali ndefu za kitambaa hicho hicho, na kofia inayofunika uso. Unyevu wetu hauruhusu jasho kukauka, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Ndani ya gari kuna joto la injini juu ya joto la jua. Katika mashindano ya joto dereva anaweza kutoka amepungua kilo 2 au 3 za maji.

Joto halimuui moja kwa moja kama ukuta, linamwibia akili. Anachelewa nusu sekunde kukanyaga breki, anasikia maelezo ya kona lakini hayamwingii. Ukiona dereva ameacha kutoka jasho na anajibu mambo mengine ulipomuuliza jina lake, usimrudishe ndani ya gari.

Hivyo kunywa maji tangu siku iliyotangulia, si dakika tano kabla. Maji yenye chumvi kidogo, au dafu. Subiri kivulini zipu ikiwa wazi, ufunge zamu yako ikikaribia. Lakini usiivue nguo, na usivae jezi ya nailoni chini yake. Nailoni ikipata moto hugeuka gundi.

Mwelekezi naye ana hatari gani? Si amekaa tu?

Amekaa kando ya dereva, kichwa chini, anamsomea maelezo ya kona. Dereva anaiona kona na kujikaza. Mwelekezi huipata mwilini bila kuiona. Michael Park alikufa mwaka 2005 kwenye mashindano ya Wales gari lilipogonga mti upande wake, dereva wake akatoka mzima. Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto walikufa pamoja Corsica mwaka 1986. Mwelekezi avae kila kitu anachovaa dereva, na mkataa hapandi.

Wazee husimulia Safari Rally ilikuwa ikifika hadi Mombasa. Wakati huo usalama ulikuwaje?

Safari ilianza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilikuwa ya maelfu ya kilomita, usiku na mchana, na barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na lori la kawaida, ng'ombe, basi, tembo, na matope ya Taru kwenye njia ya Mombasa. Timu zenye fedha zilirusha helikopta mbele kumwambia dereva kuna nini kwenye njia. Ndiyo sababu walioshinda hapa walihesabiwa kwa akili kama walivyohesabiwa kwa kasi: Joginder Singh mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, nne kati ya hizo mfululizo toka 1979 hadi 1982.

Tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kituo chake ni Naivasha na njia zinafungwa. Zile za magari ya kale, Safari Classic, zimekuwa zikituletea sisi wa Pwani harufu ya petroli tangu mwaka 2003. Humo adui mkubwa ni vumbi. Vumbi lisilo na upepo hukaa hewani kama pazia, kwa hivyo magari huachanishwa kwa dakika kadhaa. Mtazamaji akidhani mapengo ni marefu mno, anavuka.

Nisimame wapi nione vizuri?

Juu, nyuma, na ndani ya kona kwa mbali. Usisimame nje ya kona, maana gari likishindwa kukata ndiko linakokwenda. Usikae penye kushuka ukiwa chini ya njia, wala palipo na nafasi ya kukata kona, maana gurudumu litapita nyasini na kurusha mawe. Ukikaa chini huwezi kukimbia. Simama, na ujue utakimbilia wapi.

Si maneno ya kutisha watu. Le Mans 1955, gari moja liliporuka ndani ya watazamaji, walikufa zaidi ya 80, na Uswisi ikapiga marufuku mbio za viwanjani. Ureno 1986, watu walikuwa wakisimama katikati ya njia na kufunguka kama maji gari likikaribia, ili waliguse. Gari moja likakwepa kundi na kuingia kundi jingine. Watu 3 wakafa na zaidi ya 30 wakaumia.

Siku moja, kona ya udongo mwekundu nje ya mji, nilipuliza filimbi hadi koo likakauka. Vijana wananiangalia tu. Aliyesogea ni mzee wa madafu. Aliuvuta mkokoteni wake nyuma hatua thelathini, akaniambia, "Mwanangu, gari likija hapa madafu haya atayauza nani?" Haikupita nusu saa, gari likapasuka tairi, likateleza ubavu hadi pale pale mkokoteni ulipokuwa, likazima. Hakuna aliyeumia. Dereva alishuka akanunua mawili, la kwake na la mwelekezi.

Sisi hukimbizana saa nane za usiku, barabara iko tupu. Kuna ubaya gani?

Barabara ya Mombasa haiwi tupu hata siku moja. Saa nane kuna tuktuk isiyo na taa ya nyuma, mlinzi anarudi nyumbani kwa baiskeli, mkokoteni wa samaki, na lori bovu lililowekewa matawi ya mti badala ya alama. Kwa kilomita 100 kwa saa unapita mita 28 kila sekunde. Taa za chini zinakuonyesha mita 50 hivi. Ukiliona tawi, umeshachelewa. Na usidhani kutoka 60 kwenda 120 ni kuongeza hatari mara mbili. Kishindo kinaongezeka mara nne.

Dereva wa mashindano ana njia iliyofungwa, hakuna anayekuja mbele yake, ana mtu anayemsomea kila kona, ana kizimba, ambulensi inamngoja. Wewe una kiti cha kiwandani na spika kwenye buti. Mnaniambia mnafanya kama wao. Nyinyi mmechukua mwendo wao tu, mengine yote mmeyaacha.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu mashindano barabarani bila kibali. Bima nazo kwa kawaida hujitoa ikijulikana gari lilikuwa likishindana. Mwenye kulipa atakuwa baba yako, na wewe unamjua baba yako.

Nikikuta gari la mashindano limepinduka, nifanye nini?

Kwanza usikimbilie katikati ya njia. Gari jingine linakuja. Tafuta bango: kila gari lina bango lenye OK ya kijani na SOS nyekundu. Wakionyesha OK, wao wako sawa. Ikiwa ni SOS, au hakuna anayeonyesha chochote, mwite mashali wa karibu. Pembetatu ya kuonya huwekwa angalau mita 50 kabla ya gari.

Usimvute mtu nje wala usimvue helmeti, isipokuwa moto unawaka au gari linaingia maji. Shikilia kichwa chake kwa mikono miwili, mwongeleshe, ngoja wenye kazi. Ikiwa ni barabara ya kawaida, piga 999 au 112.

Binti yangu wa miaka 10 anataka go-kati. Nimruhusu?

Mruhusu. Lakini mtandio, nywele ndefu na buibui vinaweza kunaswa na ekseli inayozunguka nyuma ya kiti, na shingo ya mtoto haina nguvu ya kushindana na injini. Avae hijabu fupi ya kubana, yote iingie ndani ya helmeti na ndani ya kola, suruali, na viatu vya kufunga. Nimeshawahi kuzima go-kati kwa sababu ya ncha moja ya mtandio iliyokuwa ikipepea. Mama alinifokea, halafu akaiona ekseli kwa karibu akanyamaza.

Nataka kujitolea kuwa mashali. Nije na nini?

Mashindano halali ya magari Kenya yako chini ya KMSF, shirikisho la mbio za magari nchini, kwa hivyo mashali wa mara ya kwanza hufundishwa bendera na redio kabla ya kupangiwa kona. Njoo saa kumi na moja alfajiri na maji lita tatu, kofia, na viatu vya kufunga. Waliokuja na kandambili tumewarudisha. Na ukishapewa kona yako, usiigeuzie njia mgongo, hata ukiitwa kula.